Sahani ya Mtalii Inamlisha Nani?

Wahenga wa pwani waliacha misemo miwili kuhusu mgeni, na kila mwananchi wa Unguja na Pemba anaifahamu tangu utotoni. Wa kwanza ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa pili ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa pamoja misemo hiyo ni sera kamili ya ukarimu: mgeni anakaribishwa kwa moyo mweupe, lakini kuja kwake lazima kumfae mwenyeji, na akikaa hana budi kuchangia riziki ya nyumba aliyofikia. Yapasa kuuliza leo, bila haya na bila chuki, kama utalii unaojengwa katika visiwa vya Zanzibar unatimiza hata nusu ya sera hiyo.

Mahali pa kuanzia uchunguzi huo ni mezani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Tuseme kila mmoja wao alikaa siku tano tu na kula mara tatu kwa siku. Hizo ni sahani zaidi ya milioni 10 kwa mwaka mmoja. Hakuna mkulima wala mvuvi duniani asiyeliota soko la namna hiyo, tena likiwa mlangoni pake. Basi ni nani anayelilisha soko hilo, na ni nani anayelipwa?

Mtalii mwenyewe ana lalamiko lake. Husema kwamba kisiwani chakula ni ghali, bia ni ghali, na hata dafu la ufukweni huuzwa kwa bei ya kumwonea mgeni. Mawakala wa utalii huko Ulaya wanalijua lalamiko hilo, nao wamelitafutia dawa: lipa kila kitu nyumbani kabla hujapanda ndege. Tiketi, kitanda, mlo wa asubuhi, mchana na jioni, pamoja na vinywaji, vyote hufungwa katika furushi moja. Mtalii hufurahi kwamba ameepuka bei za kisiwani. Kwa hakika alichoepuka ni kisiwa chenyewe.

Hapo ndipo ulipo mtego. Fedha ya furushi hilo hulipwa Milan au Warsaw. Wakala huchukua fungu lake, shirika la ndege huchukua lake, na mara nyingi hao wawili ni mali ya kampuni moja. Kinachofika hotelini ni kiwango cha kila siku kilichokwisha kubanwa kwa mashindano ya bei. Mwenye hoteli naye, ili apate faida, hubana anapoweza kubana, yaani jikoni na katika mishahara. Ndiyo maana kuku wa kugandishwa hupendwa kuliko kuku wa kijijini, na maji ya matunda ya boksi huwekwa mezani katika nchi ya machungwa, maembe na shokishoki. Mtalii akishashiba hotelini ana sababu gani ya kutoka nje ya ua kwenda kula pweza kwa mama ntilie? Mgeni anayekwenda Forodhani usiku, akanunua mishikaki, urojo na glasi ya maji ya miwa, huacha fedha yake mkononi mwa mtu anayeonekana na mwenye watoto wa kusomesha. Aliyelipa furushi hupita Forodhani kupiga picha.

Mtindo huu una historia. Mwaka 1950 Club Méditerranée ya Wafaransa ilifungua kijiji chake cha kwanza cha mahema katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako mgeni alilipia kitanda na mlo kwa pamoja. Baadaye katika vijiji vya klabu hiyo hata fedha iliondolewa machoni: mgeni alivaa shanga, na alipotaka kinywaji alimpa mhudumu wa baa shanga badala ya noti. Mwafrika hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Katika karne ya 19 misafara iliyovuka kutoka Unguja kwenda bara ilibeba shanga za Venice, ikarudi na meno ya ndovu na binadamu waliofungwa minyororo. Leo shanga zimegeuka bangili ya plastiki ambayo mtalii hufungwa mkononi anapowasili. Mwenye bangili hula na kunywa apendavyo. Asiye nayo, hata kama kitovu chake kimezikwa hatua mia kutoka hapo, ni mtu wa nje ya ua.

Wala dhara haliishii katika faida iliyokosekana. Hoteli hainunui kila kitu ng'ambo. Samaki bora huwataka wa hapa hapa. Jodari, nguru, kamba na pweza wakubwa hupata mnunuzi wa hoteli kabla ngalawa haijafika pwani. Mvuvi mmoja mmoja huweza kupata bei nzuri siku hiyo, na hilo ni haki yake. Lakini mwalimu, mkunga na mjane wa kijiji hicho hicho hununua kitoweo kwa bei iliyopandishwa na sahani ambayo wao hawataiona. Maji nayo ni vivyo hivyo. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mtalii mmoja katika pwani ya mashariki ya Unguja alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, ikiwa ni mara nyingi zaidi ya matumizi ya mwanakijiji. Kwa hiyo mtalii anaposema chakula na kinywaji cha kisiwani ni ghali, anasema kweli, ila hajui ni nani anayelipa sehemu kubwa ya gharama hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 kulitokea tukio lililofunua mengi. Baada ya mabadiliko katika vibali vya waagizaji, pombe iliadimika Zanzibar na bei yake ikapanda karibu maradufu. Magazeti ya ng'ambo yakaandika, wenye hoteli wakapiga kelele, na katika mwezi huo huo wa Januari waziri wa utalii wa wakati huo akajiuzulu. Bia ya mtalii ilipopungua, dunia nzima ilipata habari. Je, ni lini bei ya samaki sokoni, au ndoo ya maji huko Kaskazini, iliwahi kutikisa hivyo?

Wapo watakaodai kwamba wenyeji hawawezi kuzilisha hoteli: eti bidhaa zao hazina ubora, hazitoshi, wala haziji kwa wakati. Madai hayo yana punje ya ukweli. Zanzibar yenyewe huagiza sehemu kubwa ya mchele wake, na viazi na vitunguu vingi huvushwa kutoka bara. Lakini punje ya ukweli isitumiwe kuficha gunia la uvivu wa fikra. Akina mama wa Paje na Jambiani walianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989. Kwa zaidi ya miaka 30 wameinama katika maji ya chumvi, wakalisha viwanda vya nchi za mbali kwa bei ndogo waliyopangiwa na wanunuzi. Watu walioweza kutimiza masharti ya viwanda vya ng'ambo watashindwaje kuilisha hoteli iliyo nyuma ya nyumba zao? Kinachokosekana ni mkataba wa kudumu, maji ya kumwagilia, chumba cha baridi na mkopo wa masharti nafuu. Jitihada ya mkulima haijawahi kukosekana.

Tena suala hili si geni. Mwaka 1970 vijana wa TANU Youth League wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliuhoji utalii katika gazeti la The Standard, na mjadala huo ukakusanywa na Issa Shivji katika kitabu Tourism and Socialist Development kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Swali lao la msingi, kwamba utalii unamfaidi nani, limekomaa bila kujibiwa. Visiwa viliyumba bei ya karafuu ilipoporomoka, vikafungua milango kwa watalii katika miaka ya 1980. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia ndege, idadi ya wageni ilishuka kwa karibu nusu, na wafanyakazi wa hoteli wakarudi vijijini mikono mitupu. Kutoka kutegemea zao moja na kuingia katika kutegemea mgeni mmoja ni kubadili kamba tu. Shingo ni ile ile.

Hakuna anayetaka watalii wafukuzwe. Kinachotakiwa ni masharti. Kila kibali cha hoteli kiambatane na wajibu wa kununua sehemu inayojulikana ya mboga, matunda, mayai na samaki kutoka vyama vya ushirika vya wilaya ilipo, na wajibu huo uongezeke mwaka hadi mwaka. Hesabu za manunuzi hayo zitangazwe, ili wananchi waone wenyewe. Mapato yatokanayo na utalii yatenge fungu la visima na vyumba vya baridi katika vijiji vya pwani. Na furushi lililolipiwa ng'ambo litozwe zaidi kuliko mlo unaolipiwa kisiwani, ili mtalii awe na sababu ya kutoka nje ya ua.

Mwezi Machi 2025 zilitolewa kanuni za kukataza bei za bidhaa na huduma nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini bei iliyoandikwa kwa shilingi haina maana iwapo mlaji alikwisha kulipa kwa yuro kabla hajaiona bahari. Shilingi italindwa siku mkulima wa Kizimbani na mvuvi wa Nungwi watakapokuwa ndio wanaoandika hati ya madai, na hoteli ikawa ndiyo inayolipa. Mpaka siku hiyo, viongozi wanaohesabu watalii uwanjani wawe pia na ujasiri wa kwenda jikoni, wafungue maboksi, na wasome yametoka wapi.