"Did" Akibeba, Usimtwike "Went"

Kabla mwanao wa Gredi ya 6 hajafanya mtihani wa KPSEA, msikilize anavyouliza. "Did you went to the market?" Alama imeenda hiyo! Kwa Kiswahili, "Ulienda sokoni" huwa swali kwa kupandisha sauti tu. Mwingereza humtanguliza "did", naye akishabeba wakati uliopita, kitenzi hubaki kitupu: "Did you go?" Ndivyo pia "She sells bananas" inavyokuwa "Does she sell bananas?" Ile "s" imehamia kwa "does". Jioni mkimenya ndizi, mpe "Mother bought sugar" aigeuze swali. Aking'ang'ania "bought", arudie. Ila "was" hahitaji msaidizi, hujitanguliza mwenyewe: "Was the matatu full?"