Usilitazame gari rangi, inama ulitazame chini

Simama makutano ya Kombani Jumamosi moja asubuhi, msomaji, uyatazame yanavyopita. Pikapu iliyojaa madafu hadi juu ya kabini. Land Rover kuukuu iliyopigwa rangi mara tatu, na mara zote tatu kwa brashi. Nyingine imebeba mbao, na juu ya mbao wamekaa watu, na mmoja wao amempakata mtoto. Wanakwenda wakiimba.

Kwa mkazi wa Kwale gari la namna hii si anasa. Pikapu moja ya kijiji Jumatatu hubeba korosho, Jumatano mapipa ya maji upande wa Ndavaya, Ijumaa jeneza, Jumamosi bibi arusi, na usiku wowote ule mama mwenye uchungu anayekimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Ndiyo sababu habari ya kulitunza na kuliendesha haifai kuachiwa dereva na fundi peke yao. Inakuhusu hata wewe mama usiyejua klachi iko upande gani, maana ndiwe utakayepandishwa kule nyuma pamoja na watoto.

Tuanzie chini, mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami. Huku pwani adui wa kwanza wa gari si mawe wala matope, ni chumvi. Land Rover zilipoanza kutoka Uingereza mwaka 1948 zilitengenezewa bodi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Alumini haishiki kutu jinsi chuma kinavyoshika. Lakini chesisi, yaani ile fremu inayobeba injini, bodi, abiria na kila kitu, ni ya chuma. Matokeo yake ni kwamba unaweza kulipata gari la miaka 30 ambalo milango yake inang'aa kama sahani ya harusi, na chini limeoza kama mti ulioingia mchwa. Pikapu za Kijapani ni chuma juu na chini, na kwa maoni yangu huo ni uungwana: angalau zinakuonyesha madoa mapema.

Kabla ya kutoa pesa zako, au kabla ya kukubali gari la shemeji libebe msafara wa arusi, chukua nyundo ndogo, inama, uigonge chesisi polepole kuanzia mbele hadi nyuma. Kaa zaidi pale springi zinaposhikia, na nyuma ya magurudumu ambako matope hujikusanya. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, isiyo na mwangwi. Mama anayenunua nazi sokoni Ukunda anaijua kazi hii vizuri kuliko mafundi wengi. Pakiwa na shaka, sukuma ncha ya bisibisi. Ikizama, dawa yake ni kukata sehemu mbovu na kuchomelea chuma kipya, betri ikiwa imetolewa nyaya na tangi la mafuta likiwa mbali na cheche. Fundi anayetaka kuziba tundu kwa lami na rangi nyeusi mwambie asante, uende zako.

Gari lililopita ufuoni lioshwe chini siku ile ile, kwa maji yasiyo na chumvi. Nasema yasiyo na chumvi kwa sababu visima vingi vilivyo karibu na bahari ukiyaonja maji yake utakunja uso. Kumwagia gari maji hayo ni kupoteza jioni yako. Wapo wanaopaka oili chafu chesisi nzima. Huzuia kutu kwa muda, ni kweli, ila isiguse mipira wala mabomba ya breki, kwa maana oili hulegeza mpira, na mpira uliolegea hauchagui siku ya kupasuka.

Sasa tuje kwenye mzigo, ambapo ndipo penye fitina.

Tuseme kuna arusi Kinondo. Pikapu ni ya tani moja. Wamepanda wamama saba wa ngoma, vijana wanne, na sufuria mbili za pilau. Dereva ameshawasha moto. Mara anatokea shangazi wa bwana arusi na wajukuu watatu. "Mjomba, sogezeni kidogo, ni sisi tu tuliobaki." Nani atamwambia shangazi hapana siku ya arusi? Dereva ana miaka 24. Shangazi alimwona akizaliwa.

Hebu tupige hesabu. Watu 15 wenye kilo 65 kila mmoja ni kilo 975. Tani imekwisha, na bado hujamhesabu dereva wala sufuria, ambazo nazo zina uzito wake. Tena gunia la mahindi likishafungwa hutulia. Watu hawatulii. Wanasimama ili kucheza, wanashika kabini, na gari likikata kona wote huegemea upande mmoja. Gari la kupitia njia mbovu limeinuliwa juu ili tumbo lisigonge mawe. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo hiyo ndiyo inayolipindua. Kadiri uzito unavyopanda juu ndivyo linavyoanguka kwa urahisi, na mtu aliyekaa juu ya keria ndiye uzito mbaya kuliko wote. Sheria ya trafiki inakataza kujaza watu kupita kiasi, lakini askari hayupo kila kichochoro cha Muhaka. Na bima ya gari la mizigo haikuandikwa kwa ajili ya abiria. Aliyevunjika mguu akienda kudai anaweza kuambiwa kwamba yeye si gunia.

Kwa hiyo neno hapana lisiachwe mdomoni mwa kijana peke yake. Mwenye arusi na asimame yeye mwenyewe kando ya gari, ahesabu vichwa, awaambie wazee kwa heshima zote kwamba gari litarudi safari ya pili. Pikapu ikirudi mara ya pili hutumia lita chache za mafuta. Wanaokaa nyuma wakae chini kabisa sakafuni, mgongo ukiegemea kabini, wala si juu ya kingo. Na mlango wa nyuma ufungwe kwa komeo lake. Kamba ya katani si komeo.

Ukiteremka kutoka mji wa Kwale kuja Kombani ukiwa na mzigo kama huo, usiikalie breki njia nzima. Breki ikikandamizwa mfululizo hupata moto, na ikishapata moto unakanyaga kama unayekanyaga godoro. Kabla mteremko haujaanza rudisha gia, uiache injini ilizuie gari, nawe uguse breki kidogo na kuiachia. Mteremko huteremkwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Njia ya vumbi inayoteremka mtoni iendee moja kwa moja. Ukilipitisha gari kiubavubavu kilimani unaliomba lilale.

Breki ya mkono nayo wengi huidharau hadi imelegea. Septemba 29, 2019, gari moja lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya Likoni likatumbukia baharini, mama na bintiye mdogo wakiwa ndani. Wote wawili walikufa. Siku hizi magari mengi ya kusini hupitia Dongo Kundu, lakini feri ingalipo na miteremko ingalipo. Ukisimama penye mteremko zima injini, weka gia, vuta breki ya mkono, na kigongo cha mbao kilichochongwa kwa pembe kiwe tayari kutiwa nyuma ya gurudumu. Kigongo hicho hakina bei, kinachongwa nyumbani.

Maji ndiyo yanayodanganya madereva hodari. Mto Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, na kuingia baharini karibu na Vanga. Mvua ikinyesha kule milimani, Vanga mbingu ni nyeupe na watoto wanacheza kandanda, na huku maji yako njiani yanakuja. Usipime mto kwa kutazama mawingu ya kwenu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu yanaweza kulisomba gari kubwa, kwani gari likishaanza kuelea uzito wake haulisaidii tena. Desemba 4, 2021, basi zima lililokuwa likipeleka watu arusini lilisombwa na mto Enziu, Mwingi, huku watu wakitazama ukingoni. Walikufa zaidi ya 30. Lilikuwa basi, tena kubwa kuliko pikapu yoyote unayoijua.

Kama maji yametulia na huoni chini, usiende kwa kubahatisha. Ateremke mtu mzima aipime njia kwa fimbo, na ikiwa maji yamempita goti, mrudi. Nenda polepole kwa gia ndogo bila kubadilisha katikati. Injini ikizimika ndani ya maji usiiwashe, maana ikivuta maji badala ya hewa vyuma vyake vya ndani hupinda, na hapo umeinunua upya. Ukishavuka, gusa breki mara kadhaa mpaka zikauke na kushika. Kesho yake mwambie fundi afungue difu atazame oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe itiwe mpya kabla gia hazijasagika.

Kuhusu mchanga nitasema machache. Tairi lenye upepo mwingi huukata mchanga kama kisu; lililopunguzwa hadi pauni 18 au 20 hujitandaza kama wayo wa ngamia. Lakini lijazwe tena kabla hujarudi lami, la sivyo litapata moto na kupasuka. Gia ya magurudumu manne itiwe kabla ya kuzama, si baada ya kuzama, na itolewe ukifika lami kavu, isipokuwa gari lako liwe limeundwa kwenda hivyo siku zote. Ufuo wenyewe wa Diani ningekuomba uuache. Kasa hutaga mayai pale, chini ya mchanga ule ule unaoukanyaga.

Tairi likipasuka, usiitie jeki juu ya mchanga mtupu wala juu ya jiwe la matumbawe, ambalo huonekana gumu kisha likavunjika kama biskuti. Beba kipande cha ubao mpana. Abiria wote washuke, magurudumu mengine yatiwe vigongo, na asiingie mtu yeyote chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati moja. Radieta ikichemka, msifungue kifuniko. Ketini kivulini nusu saa, mle hayo madafu.

Na gari likizama mkalivuta kwa jingine, watoto wasisimame karibu. Kijiji kizima hupenda kuja kutazama, na sioni ajabu, ni sinema ya bure. Lakini waya au mnyororo ukikatika hurudi kwa nguvu ya kumkata mtu. Funga kwenye chesisi au ndoano yake, kamwe si kwenye bampa. Tandika gunia zito au blanketi lililolowa katikati ya waya ili likatize mruko wake, na watazamaji warudi nyuma mara mbili ya urefu wa waya huo.

Wapo wasomaji watakaotaka kujua habari ya zile pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa Diani, ambazo watoto wetu wakija likizo huzililia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asizipande. Zina uzito wa kumponda mtu mzima, na mtoto hana uzito wa kuziegemeza zikipinda. Mkubwa akipanda, avae helmeti na viatu vilivyofungwa, na asimpakie mtu kwenye kiti cha mtu mmoja. Mchuuzi atakwambia ni salama. Anauza.

Nimeiacha mwisho ile safari ya usiku. Gari ambalo jirani wote hulitegemea lisilale na tangi tupu, na lielekezwe pua njiani. Petroli ya akiba isiwekwe kwenye jerikeni nyuma pamoja na abiria. Na mnapoijaza jerikeni, iteremsheni chini ardhini kwanza. Kila Ijumaa tazameni maji ya radieta, oili, mafuta ya breki, nati za magurudumu, upepo wa tairi la akiba na taa zote. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo tu. Akiletwa mjamzito, ikiwa nafasi ipo akae kabini amefungwa mkanda. Ikiwa hawezi kukaa, godoro lifungwe kwa kamba sakafuni, alale ubavu wa kushoto, na wapande naye wawili tu wa kumshika, si ukoo mzima. Dereva aende mwendo wa kumfikisha, kwani shimo moja likipigwa kwa kasi litamrusha yeye kabla halijairusha springi. Na ufunguo uwe na mahali pake panapojulikana na watu wawili nyumbani, usiwe mfukoni mwa kijana aliyekwenda kulala Ukunda.