Tukale wapi Butembo?

Ndugu msomaji wa Luofu, mumepanga na marafiki kutembea Butembo. Mukisha kupita Kirumba na Lubero, njaa itauma. Wapi mutakula?

Wale wanaotoka machimboni wanataka mahali pa muziki na bia. Lakini kuko mwenzenu mmoja ambaye mwezi huu hakupata kitu, naye atanyamaza tu. Basi mutume mtu aulize bei mbele ya kukaa, kwa franka ao kwa dola. Mutafute malewa yenye benchi ndefu: bugali, sombe na samaki wa Kyavinyonge, wa Ziwa Edward, katika sahani moja kubwa. Pale mutacheka mpaka jioni!

Pesa muzikusanye tangu nyumbani, kila mtu kadiri yake. Azishike yule asiyekunywa.