Kabla ya kwenda kukimbia Meru, pima moyo

Tangu mwaka 2000, kila ifikapo Juni watu hukusanyika Lewa, kaunti ya Meru, kukimbia kilomita 21 au 42 ndani ya hifadhi ya wanyama. Wapwani wenzangu mnaojiandaa kwenda huko, nina neno nanyi kuhusu moyo.

Moyo ni msuli, na ukikimbia saa tatu au nne huchoka kama mguu. Damu ya aliyemaliza marathoni mara nyingi hukutwa na troponini nyingi, protini ileile ambayo daktari huitafuta kwa mwenye shtuko la moyo. Upande wa kulia wa moyo nao hutanuka. Kwa mwenye afya, mambo hayo hurudi sawa baada ya siku chache. Ila baadhi ya wanaokimbia masafa marefu mno kwa miongo huishia na mapigo yasiyo na mpangilio.

Vifo ni nadra. Marekani, kati ya 2000 na 2010, katika wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni, moyo ulisimama kwa watu 59, 42 wakafa. Wengi waliochunguzwa walikuwa na maradhi ya moyo tangu hapo. Kilichookoa zaidi ni mtu wa karibu kuwakandamiza kifua papo hapo.

Sisi tunalijua joto. Mwaka 2007, kwenye mbio za nyika za dunia hapa Mombasa, jua na unyevu vilimshinda hata Kenenisa Bekele, akajitoa. Bara mtihani ni mwingine: Lewa iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moyo wa mtu wa Likoni utapiga mbio zaidi kwa mwendo uleule aliouzoea.

Kwa hivyo pima presha na moyo kabla ya kulipia, hasa ukishapita miaka 40 au kama kwenu kuna aliyekufa ghafla. Ukiwa na homa, usikimbie. Kifua kikibana, simama. Medali haina haraka.

Na waandalizi wa mbio Meru na Embu, nawauliza: mashine za kushtua moyo ziko wapi njiani, na nani amefunzwa kuzitumia? Hospitali kubwa ziko mjini, na moyo uliosimama hausubiri gari.