Tusikatazwe, Tufundishwe

Wasomaji wenzangu, Linux si mgeni hapa Rwanda: kuanzia mwaka 2008 watoto wa shule walipewa kompyuta ndogo za XO zilizoitumia. Leo baadhi yetu huiweka pamoja na Windows katika diski moja, kama wapangaji wawili nyumbani. Sehemu ya Linux ikijaa, wengine husema, "Ifutwe!" Mimi sikubali. Kwanza nakili kazi zako zote mahali pengine, maana umeme ukikatika katikati, maandishi ya mwaka mzima yaweza kupotea. Kisha punguza sehemu ya Windows kwa programu yake yenyewe. Mwisho washa kompyuta kwa flashi yenye GParted, uipanue ya Linux. Wakubwa wetu wasitukataze kazi hii kwa hofu, watufundishe. Tahadhari kabla ya hatari.