Maelezo ya kifaa yafike pia chini ya kidole

Ndugu wachimbaji, pamoja na mama na watoto wenu, leo nataka niseme juu ya ile karatasi ya maelezo inayokuwa ndani ya kartoni ya kila kifaa. Sisi wenye macho tunaitupa. Lakini kuna mutu hawezi kuanza bila ile karatasi, na hawezi kuisoma.

Kazi yetu munaijua. Mashine za kutwanga mawe zinapiga kelele tangu asubuhi, masikio yanaisha pole pole. Kipande cha jiwe kinaweza kutoboa jicho. Na huku Ituri, nzi wadogo weusi wa mtoni wanaleta onkoserkozi, ugonjwa unaopofusha. Basi wengine wanapoteza macho, wengine masikio, na wachache wanapoteza vyote viwili.

Kwa huyo wa vyote viwili, kuna Breli. Louis Braille mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi wa ngozi kule Ufaransa. Akiwa na miaka 3 alijitoboa jicho kwa chombo cha kazi cha baba yake, kisha akawa kipofu kabisa. Mwaka 1829 alitoa maandishi yake ya nukta 6, yanayosomwa kwa kidole. Leo kuna kifaa kinachounganishwa na simu na kuinua zile nukta, mutu asome ujumbe wa bibi yake bila kuona wala kusikia.

Lakini kifaa kinakuja na maelezo ya wino, ao video. Namna gani atajua kifungo cha kuwasha kiko wapi? Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Mutasema: jamaa watamuelezea. Watamuelezea namna gani, naye hasikii? Watamuandikia herufi moja moja ndani ya kiganja. Hiyo inafaa kwa kusema chakula kimeiva. Haifai kwa kurasa 20. Na siku bibi yuko shambani, kifaa kikizimika, mutu anabaki peke yake gizani.

Wenye kuleta misaada hapa Bunia, hatuombi makubwa. Juu ya kila kartoni mutie karatasi moja ya Breli, kwa Kiswahili: kuwasha, kuchaji, kuunganisha na simu. Mengine yawe maandishi ndani ya simu, na kila picha ielezwe kwa maneno. Hii si huruma tu: Katiba yetu, kifungu cha 49, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 zinalinda haki za watu wenye ulemavu.

Na sisi jamaa, tutie tone la gundi juu ya kifungo, likauke, kidole kikipate. Na yule ambaye macho yamekwisha lakini masikio yangali, ajifunze Breli sasa, wakati bado anaweza kumusikia mwalimu.