Programu yangu ilipenda picha zenye ukungu

Wadau, leo nimekuja kuungama.

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, siku lile ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka, nilikuwa pale na kamera. Nilipiga picha 41, jumla megabaiti 163. Mhariri alizitaka kwa barua pepe, tena bila kupunguzwa ubora. Barua pepe inabeba megabaiti 25, na hizo ni za kwenye makaratasi tu: kiambatanisho kikigeuzwa kuwa herufi ili kisafiri, kinanenepa kwa theluthi nzima. Ukweli ni kama 18.

Nikajiona mjanja. Nilikuwa na kiprogramu changu cha Python, mistari isiyofika ishirini: panga faili kutoka ndogo hadi kubwa, jumlisha, ukifika kikomo simama. Zikaenda picha 9.

Simu ikaita. "Dogo, hizi umepigia ndani ya gunia?"

Zote zilikuwa vumbi, giza na mkono uliotikisika. Na si bahati mbaya! Picha ya JPEG isiyo na mengi ndani yake hubanwa ikawa ndogo kabisa. Yenye nyuso, nondo na matofali yanayoonekana moja moja haikubali kubanwa hivyo. Kumbe nilikuwa nimeiamuru mashine initafutie picha mbovu. Ile ya ndugu waliosimama wakisubiri majina, megabaiti 7, ilibaki kwenye kadi.

Wataalamu watasema hili ni tatizo la mkoba, linafahamika, na kuanza na ndogo ni uvivu. Sawa. Lakini hata ukijaribu michanganyiko yote ya picha 41, zaidi ya trilioni 2, kama unapima uzito peke yake utapata mkoba uliojaa vizuri, basi. Nani alisema kujaa ndiyo kazi? Thamani lazima mtu aiandike kwanza.

Vijana wa Kariakoo waliokuwa wakituingizia nyimbo kwenye flashi walilijua hilo bila Python. Swali la kwanza lilikuwa, "Braza, unasikiliza nini?" Giga ngapi, aliangalia baadaye.

Siku hizi kila picha naipa alama, 1 hadi 5, na programu inaanza na zenye 5. Kazi ya dakika kumi. Jumamosi ile dakika kumi nilikuwa nazo, nikazimalizia kwenye soda nikijisifu.

Ile ya megabaiti 7 ninayo bado. Nilipoituma, gazeti la Jumapili lilikuwa limeshaingia mtamboni.